Maji yanayocheza ya Dubai: usimame ukingoni, upande mashua ya abra, ukae mezani au upande Burj Khalifa?

Kila anayepita Dubai kutoka nyumbani Afrika Mashariki, awe amekuja kufuata mzigo mtaa wa Deira au anasubiri ndege ya kuunganisha, huniuliza swali lile lile: jioni ni moja tu, maji yanayocheza, yaani chemchemi ya Dubai Fountain, niyaangalie kutoka wapi? Naishi huku Ghuba, na wageni wangu wengi nimewapeleka mwenyewe, wazee kwa watoto. Jibu langu halijabadilika. Onyesho ni la bure, na mahali pazuri kupita pote pa kulitazama napo ni bure. Ukitoa pesa, maji hayazidi uzuri. Unachonunua ni kiti, au ukaribu, au urefu. Basi kabla hujafungua pochi, mtazame uliyefuatana naye, uone ni kipi kati ya hivyo anachokihitaji kweli.

Chemchemi yenyewe iko kwenye ziwa la kuchimbwa, karibu hekta 12, chini ya mnara wa Burj Khalifa, kati ya jumba la maduka la Dubai Mall na soko la Souk Al Bahar. Ilizinduliwa mwaka 2009. Walioisanifu ni kampuni ya WET ya California, hao hao waliotengeneza chemchemi za hoteli ya Bellagio kule Las Vegas mwaka 1998. Ina urefu wa mita 275 kutoka mwisho hadi mwisho, ina taa 6,600, na maji yanayorushwa juu kabisa hufika mita 150. Anayeijua Nairobi apige hesabu: jengo la KICC lina mita 105. Aprili 2025 chemchemi ilifungwa kwa matengenezo, ikafunguliwa tena Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia imefungwa, habari zake ni za zamani.

Kabla ya kulinganisha sehemu, ielewe ratiba, kwa sababu ratiba ndiyo inayoamua mengi. Maonyesho ya jioni huanza saa 12 na kurudiwa kila baada ya nusu saa mpaka saa 5 usiku. Kila onyesho ni wimbo mmoja, dakika tatu hadi tano hivi. Wimbo ukikatika maji yanashuka, ziwa linatulia, na watu wanaanza kuangaliana wakidhani kuna muendelezo. Hakuna, mpaka nusu saa ijayo. Kwa maana hiyo, kwa kila dakika nne za kutazama una dakika ishirini na ushei za kungoja. Wengi wanachagua mahali kwa kufikiria zile dakika nne tu. Mimi nakushauri uchague kwa kufikiria pia zile ishirini na ushei: utazipitisha umesimama, umekaa, unatembea, au uko wapi?

Ukingoni, bila senti

Ukiwa ndani ya Dubai Mall shuka ghorofa ya chini, fuata vibao vya chemchemi hadi milango inayotokea nje. Hapo pana barabara ya waenda kwa miguu inayofuata ukingo wa ziwa, na hapo ndipo umati ulipo. Umati huo usikutishe. Kosa la watu ni kutoka mlangoni na kusimama pale pale, wakawa safu ya tano au ya sita, wakaangalia simu za waliowatangulia. Geuka, tembea dakika chache ukiacha milango nyuma yako. Watu wanapungua upesi kuliko unavyotarajia, na chemchemi ni ndefu mno kiasi kwamba hupotezi kitu kwa kusogea pembeni.

Mbinu nyingine, na hii nampa kila mgeni: usihangaike kupata nafasi ya mbele dakika mbili kabla ya onyesho. Fika katikati ya onyesho moja, litazame kutoka nyuma, kisha wimbo ukiisha songa mbele mara moja. Nusu ya watu huondoka papo hapo, na vizuizi vya ukingoni vinabaki wazi. Utangoja, lakini utangojea mstari wa mbele, na onyesho linalofuata ni lako wewe.

Kwa nini nasema hapa ni bora kuliko kote kunakolipiwa? Kwa sababu maji haya yamepangwa yatazamwe na mtu aliyesimama chini, akiyasikia. Spika zimezunguka ziwa. Maji mafupi yanayoyumba kulia na kushoto hufuata sauti ya mwimbaji, na yale marefu huja pale muziki unapopanda. Hayo marefu hurushwa kwa hewa iliyoshindiliwa, hivyo kila yanapopaa unasikia mlio mzito kama mzinga wa futari, na kifua kinaupokea kabla hujainua macho. Mtoto ambaye hajawahi kuuona hushtuka, kisha hucheka. Mlio huo hauufaidi ukiwa nyuma ya kioo cha mgahawa, wala ukiwa ghorofa ya 124.

Halafu kuna nyimbo zenyewe. Jioni moja utasikia za Kiarabu, za Kihindi, za Magharibi, na hakuna onyesho linalofanana na lililotangulia, kwa kuwa maji hupangiwa mwendo wake kwa kila wimbo. Miongoni mwa nyimbo ambazo maji haya yamechezeshwa ni «Baba Yetu», Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV wa mwaka 2005. Mwaka 2011 ilipata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata. Siwezi kukuahidi kwamba jioni yako itaangukia wimbo huo. Lakini Kiswahili kusikika chini ya jengo refu kuliko yote duniani, mbele ya watu wa kila taifa, ni jambo linalonifurahisha mno, nami nataka kila mgeni wangu alijue hata kama hatalisikia. Na utofauti huu wa nyimbo ndio sababu nasisitiza maonyesho mawili kwa uchache: moja la wimbo wa taratibu, maji yanapojikunja na kuinama, na moja la Kiarabu lenye ngoma, yanapopiga hatua. Aliyeona moja tu hajui chemchemi hii inaweza nini.

Gharama ya ukingoni ni miguu yako na hali ya hewa. Kuanzia Novemba mpaka Machi jioni za Dubai ni nzuri, unaweza kukaa nje saa nzima ukiwa na koti jepesi. Juni mpaka Septemba ni habari nyingine: joto halishuki na jua, na unyevu wa hewa unakulowesha nguo umesimama tu. Katika miezi hiyo, onyesho likiisha rudi ndani kwenye kiyoyozi, utoke tena dakika kumi kabla ya lijalo. Upepo nao uutazame. Ukivuma kuelekea kwako, manyunyu yanakufikia, na ukizidi nguvu onyesho huahirishwa. Mwenye miwani na mwenye kamera asogee upande usiopigwa na upepo.

Kwa Waislamu, ratiba hii inapangika bila shida. Desemba Magharibi huingia kama saa 11 na nusu, kwa hiyo unaswali kwenye chumba cha kuswalia cha mall kisha unatoka kwa onyesho la kwanza la saa 12. Juni Magharibi huingia baada ya saa 1, hapo afadhali uanze na lile la saa 1 na nusu. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, uiangalie siku hiyo hiyo.

Darajani na roshani

Lipo daraja linalounganisha mall na Souk Al Bahar. Anayetaka picha, maji na Burj Khalifa vikiwa pamoja, aende upande huo wa Souk Al Bahar. Kutoka hapo mnara unakaa nyuma ya maji na wote unaingia kwenye fremu, ilhali ukisimama karibu mno na mnara utalazimika kukata kichwa chake. Daraja lenyewe ni jembamba kwa wingi wa watu wanaolipita, si mahali pa kusimama na kigari cha mtoto.

Duka la Apple lililo ndani ya Dubai Mall lina roshani ndefu iliyopinda kuelekea ziwani. Kuingia ni bure. Unaona kwa juu kidogo, vichwa vya watu viko chini yako, lakini nafasi hujaa mapema na watu hawaondoki upesi kama kule chini.

Abra

Wageni kutoka pwani yetu huvutwa sana na abra, mashua za mbao zenye umbo la zile za zamani, zinazotembea juu ya ziwa wakati wa onyesho. Zinapofanya kazi, tiketi hulipiwa kwa kichwa na ina saa yake. Ukichelewa mashua haikungoji, maana lazima iwe majini kabla wimbo haujaanza.

Hapa unanunua ukaribu. Umekaa chini kabisa, karibu na uso wa maji, hivyo hata yale mafupi yanaonekana marefu, na yale ya mita 150 unayafuata mpaka shingo inauma. Manyunyu yanakupata. Kwa dakika zile chache hakuna mtu mbele yako, hakuna simu iliyoinuliwa, hakuna mtoto wa mwenzio mabegani. Mume na mke waliokuja wawili, nawaambia wapande. Mgeni ambaye ndege yake inamruhusu onyesho moja tu, naye nitamshauri apande, kwa sababu tiketi inamhakikishia nafasi.

Unachopoteza ni upana. Kutoka chini kiasi hicho huoni jinsi miduara na tao zinavyoshirikiana. Unaona sehemu ya kwako na mwanga wa nyingine. Umenunua pia wimbo mmoja. Ukiwa wa dakika tatu na usiokugusa, ndio huo huo. Familia ya watu sita italipa tiketi sita kwa wimbo huo. Mwenye mtoto mchanga, au mzee anayeogopa kuingia na kutoka mashuani, hana faida hapo.

Na kama shauku yako ni abra yenyewe, si chemchemi, basi usiitafute hapa. Nenda Deira kwenye hori la Dubai Creek, upande abra ya kweli inayovusha watu kwenda Bur Dubai kwa dirham moja, ukiwa umekaa bega kwa bega na vibarua na wachuuzi. Kwa Mswahili aliyezaliwa karibu na bandari, safari ile ina ladha kuliko hii ya ziwani, na unaweza kuifanya mchana, kabla ya maonyesho ya jioni ya Burj Khalifa.

Mezani

Migahawa yenye vibaraza vinavyotazama ziwa iko mingi: chini ya mall, ndani ya Souk Al Bahar, na kwenye hoteli za jirani. Hapa unanunua kiti, na kiti ndicho kinachoponya lile tatizo la kungoja. Ukikaa saa mbili kwa chakula cha jioni umeona maonyesho manne bila kugombea nafasi, na ile nusu saa kati ya wimbo na wimbo imekuwa mazungumzo. Kwa mama mkwe mwenye magoti mabovu, kwa mjamzito, kwa wenye watoto wadogo wanaotaka kula saa 1 na kwenda haja saa 1 na dakika tano, hakuna kilicho bora. Hela yake ni halali kabisa.

Lakini meza ina maswali yake, na uyaulize kwenye simu wakati wa kuweka nafasi, usiyaache mpaka ufike. Meza iko nje au ndani? Iko ukingoni mwa kibaraza au ni ya safu ya nyuma? Kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu? Unaruhusiwa kukaa muda gani? Neno «unaona chemchemi» mdomoni mwa mpokea simu linaweza kumaanisha kwamba ukisimama na kuinama utaona ncha ya maji juu ya mwavuli wa meza ya jirani. Vilevile, baadhi ya migahawa ya Souk Al Bahar na ya hotelini huuza pombe. Ukiwa na wazee ambao hilo litawaharibia jioni, uliza mapema, uwapeleke kwingine.

Joto la kiangazi linaipunguzia meza ya nje thamani. Ukikubali kukaa ndani nyuma ya kioo, umebaki na picha bila ule mlio, na kwangu mimi hiyo ni nusu ya onyesho. Wakati wa kiangazi ningewalisha wageni ndani ya mall kwa bei ya kawaida, halafu niwatoe nje kwa dakika kumi tu za onyesho.

Juu ya Burj Khalifa

Hili ndilo chaguo ambalo watu hulipia kwa matumaini makubwa kupita yote, na kwa habari ya chemchemi, ndilo ninalolipinga. Sakafu ya kutazamia ya ghorofa ya 124 iko mita 452 kutoka ardhini. Maji ya mita 150, ukiyatazama kutoka huko, yamekuwa kitu kidogo kilicho chini ya miguu yako. Urefu wake, ambao ndio uliomtoa kila mtu nyumbani, unapotea, kwa kuwa unayaangalia kutoka utosini. Muziki unakufikia hafifu au haukufikii kabisa.

Kuna kitu kimoja unachokiona kutoka juu kuliko popote: mchoro. Miduara mitano ya ukubwa mbalimbali na tao mbili zinawaka ziwani, na unaelewa ghafla kwa nini ulipokuwa chini maji yalionekana kukimbia. Mpenda ufundi atafurahi. Ila aende kwanza chini, ndipo apande juu akaone jinsi kilivyojengwa alichokwisha kukipenda. Tiketi za saa za machweo ni ghali kuliko za saa nyingine, na thamani yake ni jiji, jangwa na bahari vinavyoonekana kutoka kule. Ukizinunua kwa ajili hiyo, hukupunjwa.

Walioko Marekani

Ndugu zetu walioko Marekani hunieleza kwamba wao wana Bellagio, na hawana haja ya Dubai. Maji ya Bellagio hufika kama mita 140, tofauti ambayo jicho halitaiona, na yanatazamwa bure kutoka kando ya barabara ya Las Vegas Boulevard. Tena usiku hurudiwa kila robo saa, si nusu saa, mpaka saa 6. Kwa mtu asiyependa kungoja, Las Vegas inashinda, na meza ya mgahawa huko haina ulazima kama ilivyo hapa. Dubai inashinda kwa ukubwa wa ziwa, kwa mnara ulio juu yake, na kwa nyimbo za Kiarabu, ambazo nadhani ndizo zinazoyafaa maji haya kuliko nyingine zote. Sitamwambia mtu akate tiketi ya ndege kutoka Marekani kwa ajili ya chemchemi peke yake. Anayekwenda nyumbani kupitia Dubai, na ana saa nane za kungoja kuanzia alasiri, atoke uwanjani aje.

Ningekupeleka wapi

Mfanyabiashara aliyeshinda Deira na miguu imechoka: ukingoni, maonyesho mawili, halafu chakula ndani ya mall. Wazazi waliokuja kututembelea kwa mara ya kwanza: mezani, meza ya nje, kati ya Novemba na Machi, na gharama nibebe mimi. Vijana wanne wenye simu nne: upande wa Souk Al Bahar, na niwaombe warekodi onyesho moja, lijalo walitazame kwa macho. Maharusi: abra, kisha warudi ukingoni kwa wimbo mmoja zaidi ili waone na ule upana walioukosa.

Usafiri usikusumbue. Kutoka Deira panda metro stesheni ya Union, laini nyekundu, ushuke Burj Khalifa/Dubai Mall. Kutoka stesheni hadi mall kuna daraja refu lenye kiyoyozi, ukiongeza na mwendo wa ndani ya mall kupata ukingo, jipe nusu saa kamili. Wengi hukosa onyesho la kwanza kwa kudhani stesheni iko mlangoni. Mwanamume asiingie behewa la wanawake na watoto, faini yake ni dirham 100. Jioni ondoka kabla ya onyesho la mwisho, maana wanaolingoja wote huelekea stesheni kwa pamoja, na siku nyingi treni huishia saa 6 usiku. Usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya ratiba hizi zote usizitegemee: barabara zinafungwa, stesheni hiyo hufungwa mapema jioni, na anayetaka kuwepo inabidi awe ameshafika tangu mchana.